Miche ya matunda ya asili vitaluni: ipi ya juani, ipi ya kivulini, ipi uiache

Vitalu vya kando ya barabara, kutoka Pwani hadi Morogoro na Tanga, sasa vinauza miche ya matunda ya asili bega kwa bega na parachichi na maembe ya kubebesha, yaani ya tawi lililounganishwa kwenye shina la mche mwingine. Utakuta mikwaju, mibuyu, mikunazi, mizambarau mwitu, na ukibahatika mbungo au mkunguma. Bidhaa yenyewe ni nzuri, maana miti hii inaijua mvua yetu na ukame wetu. Kasoro kubwa ni moja: karibu miche yote hulelewa chini ya neti ile ile, kwa maji yale yale, kisha inauzwa bila mnunuzi kuulizwa anakwenda kuipanda wapi. Mkunazi ni mti wa nyika, mkunguma ni mti wa chini ya msitu. Ukiilea sawa, mmojawapo lazima uharibike. Hapa tunaipima miche hiyo kwa kigezo hicho kimoja, mwanga, na kusema ipi inunuliwe, kwa shamba la aina gani.

Mche unaovutia macho

Wanunuzi wengi huchagua mche mrefu wenye majani mapana ya kijani kilichokolea. Kwa miti ya juani, hizo ni dalili za mche uliokaa kivulini kupita kiasi. Jani la kivulini hutanuka ili likusanye mwanga haba, na kwa hiyo huwa na unene mdogo, laini, lenye umbijani (kijani cha jani) mwingi ukilinganisha na uzito wake. Jani la juani ni dogo, nene na gumu kidogo. Ndani yake tabaka la seli ndefu zinazotengeneza chakula mara nyingi huwa mbili badala ya moja, na vitundu vya kupitishia hewa ni vingi zaidi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba jani lililokwisha komaa halibadilishi umbo lake la ndani kwa kiasi cha kutosha. Lililojengwa kivulini litabaki la kivulini. Ukilitoa ghafla juani hupokea mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia, mitambo ya usanisinuru, yaani ya kutengeneza chakula kwa mwanga, inaharibika, na ndani ya siku mbili tatu mabaka meupe yanatokea kati ya mishipa, yakigeuka kahawia na kukauka. Majani yaliyolala yakitazama juu huungua kwanza, yale yaliyoinama hupona. Mche ukinusurika, umenusurika kwa majani mapya. Yale ya zamani hayaponi, hata ukiyapulizia mbolea ya majani kila juma.

Hasara ya pili iko ndani ya udongo. Mche wa kivulini hutumia chakula chake kurefusha shina na kutanua majani, mizizi ikabaki haba. Ukiupanda juani, majani yale mapana yanadai maji ambayo mizizi haina uwezo wa kuyaleta. Ndiyo sababu mtu humwagilia asubuhi na jioni na bado mche unalegea ikifika saa 8 mchana.

Kwa hiyo nenda kitaluni na rula. Pima urefu wa mche kwa sentimita, kisha unene wa shina kwa milimita pale linapokutana na udongo, ugawe cha kwanza kwa cha pili. Jibu lisizidi 6. Mche wa sentimita 30 wenye shina la milimita 5 umefaulu. Mche wa sentimita 60 wenye shina la milimita 4 unapata 15, na huo uache hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Kwa bahati mbaya bei vitaluni hupanda kwa urefu, hivyo mnunuzi asiyejua hulipa zaidi apate kibaya zaidi. Angalia pia nafasi kati ya jani na jani kwenye shina: ikiwa ndefu upande wa juu na fupi upande wa chini, mche ulianza vizuri kisha ukafunikwa na wenzake.

Baada ya hapo inua kiriba, yaani mfuko wa mche, utazame chini. Mzizi uliopenya ardhini ukikatwa siku ya kununua, mche unaondoka na nusu ya mizizi yake. Kitalu makini husogeza viriba kila baada ya wiki mbili tatu na kukata mizizi inayochungulia, na mche hupata muda wa kutoa mingine ndani ya kiriba. Kiriba kikiwa kigumu kama jiwe ukikibinya, mizizi imejizungusha humo muda mrefu, na mzizi mkuu uliopinda leo utabaki umepinda hadi mti mkubwa.

Neti na kivuli cha mwembe

Neti nyeusi za kivuli huuzwa kwa asilimia, na asilimia hiyo ni ya mwanga unaozuiwa. Neti ya 30 inapitisha 70, neti ya 80 inapitisha 20. Wapo wanaoisoma kinyume, wakalea mikwaju chini ya neti ya 80 wakidhani wameipunguzia jua kidogo tu.

Jua la adhuhuri lisilo na wingu lina mwanga wa takriban laksi 100,000, laksi ikiwa kipimo cha mwanga. Chini ya neti ya 80 zinabaki kama 20,000. Chini ya msitu uliofunga vilele, kama ilivyo sehemu nyingi za Amani huko Usambara Mashariki, kinachofika ardhini ni asilimia 1 hadi 2, yaani laksi 1,000 hadi 2,000, pamoja na vipande vya jua vinavyopenya kati ya majani na kukaa mahali pamoja dakika chache. Miche ya msituni hupata sehemu kubwa ya chakula chake kwenye dakika hizo. Kwa maneno mengine, hata chini ya neti ya 80 kuna mwanga mara 10 au zaidi ya ule wa sakafu ya msitu.

Kuna tofauti nyingine ambayo kipimo cha laksi hakiioneshi. Neti hupunguza rangi zote za mwanga karibu kwa kiwango kimoja. Majani ya mti hula mwanga mwekundu na wa buluu, yakaachia ule mwekundu wa mbali ambao jicho letu halioni vizuri lakini mmea unausoma. Mche wa mti wa juani ukikuta mwekundu wa mbali umezidi, huchukulia kwamba umefunikwa na jirani na kukimbilia juu. Ndiyo maana kitalu kilicho chini ya mwembe hutoa mikwaju mirefu na myembamba kuliko kitalu cha neti chenye kivuli kile kile. Ukiona miche ya juani imepangwa chini ya mwembe, nenda kitalu kingine.

Miti ya juani

Tuanze na mkunazi, kwa sababu ndio mche tunaoupendekeza kwanza kwa mwenye kiwanja cha jua kali na maji kidogo. Una mzizi unaokwenda chini haraka na majani madogo yenye manyoya meupe upande wa chini. Huzaa kwenye matawi mapya ya msimu huo huo, kwenye makwapa ya majani, kwa hiyo jua likigonga matawi yote na ukiupogoa kwa nguvu baada ya mavuno unapata matawi mengi mapya na kunazi nyingi. Ukiupanda chini ya mnazi au ubavuni mwa nyumba usiopata jua haufi. Unatoa fimbo ndefu zenye miiba na maua ya kuhesabika, na ukungu mweupe unatanda kwenye matunda machanga kwa sababu hewa imetuama. Miche ya kubebesha ndiyo ya kununua ukitaka matunda makubwa. Hakikisha tawi lolote linalochipua chini ya pale palipobebeshwa linang'olewa mapema, la sivyo shina la chini linammeza mgeni wake.

Mkwaju nao ni wa juani bila mjadala, ila mche wake ndio unaoharibiwa zaidi vitaluni. Mzizi mkuu hukimbia chini wakati sehemu ya juu bado fupi, na kiriba cha kina cha sentimita 15 hujaa kabla mche haujafaa kuuzwa. Dai kiriba cha sentimita 25 hadi 30. Vijani vya mkwaju hujikunja usiku. Anayefika kitaluni jioni akaona miche imefumba asidhani ina kiu. Kabla hujaununua fikiria pia kitakachokuwa chini yake baadaye: mkwaju mkubwa una kivuli kizito, na mazao machache yanastawi hapo. Acha mita 10 kutoka mti mmoja hadi mwingine. Mche wa mbegu huchukua miaka 7 au zaidi kuzaa, wa kubebesha nusu ya muda huo.

Mbuyu huwapa wauzaji lawama wasizostahili. Mche mchanga una majani mazima, si yale yenye vidole vitano au saba tunayoyajua, na mnunuzi anahisi ameuziwa kitu kingine. Majani yenye vidole huja baadaye. Halafu kiangazi kinafika, mche unapukutisha majani yote, mwenyewe anazidisha maji ili kuuokoa, na hapo ndipo unapooza. Chini ya shina kuna mzizi mnene kama karoti uliohifadhi maji na wanga, na mche usio na majani unaishi kwa akiba hiyo. Punguza maji majani yakidondoka, rudisha machipukizi yakitokea. Kivuli cha neti kinahitajika kwa mbuyu wiki chache tu baada ya kuota. Ukikaa humo miezi, shina linakuwa laini na kuoza kwenye shingo. Kwa anayetaka kuotesha mwenyewe, ganda la mbegu ni gumu sana: mwagia maji yaliyotoka kuchemka, ziache humo zipoe hadi kesho yake, ndipo uzisie.

Mng'ongo unafanana na mkwaju na mbuyu kwa mahitaji ya mwanga na pia hupukutisha majani. Tatizo la bidhaa hii ni jinsia. Kuna mti dume na mti jike, na mche wa mbegu hautambuliki mpaka utoe maua. Ukinunua miche miwili tu ya mbegu unacheza kamari. Nunua ya kubebesha kutoka mti jike unaojulikana, au panda kundi kisha uje upunguze madume.

Mkusu, mti wa miombo ya Tabora, Iringa na Ruvuma, tunashauri uachwe vitaluni mpaka muuzaji ajibu swali moja: udongo wa kiriba umetoka wapi? Mizizi ya mkusu huishi kwa ubia na kuvu wa udongoni, na mche uliokuzwa kwenye mchanga na samadi peke yake hudumaa, ukawa wa njano, watu wakalaumu jua. Udongo wa kiriba uchanganywe na ule wa chini ya mikusu mikubwa. Mbegu zake nazo hazihifadhiki, hupoteza uhai ndani ya wiki chache. Anayekuuzia mbegu kavu za mwaka jana anakuuzia kuni. Mkusu pia una dume na jike.

Mchongoma utakuta umewekwa kwenye kundi la mimea ya uzio, na hapo unafaa kweli. Ni mti wa ukingo wa kichaka, unavumilia nusu kivuli, lakini matunda mengi hukaa upande unaotazama jua.

Mzambarau una mkanganyiko

Mzambarau unaozaa zambarau nyeusi za sokoni ulitoka Asia ya Kusini, ingawa umekaa pwani yetu muda mrefu kiasi cha kuhesabiwa mwenyeji. Wenyeji wa kweli ni mzambarau mwitu, Syzygium guineense, na ndugu yake wa kingo za mito, Syzygium cordatum. Ukitaka mti wa asili, taja jina la kitaalamu au dai kuoneshwa mti mama.

Na hata ukipata Syzygium guineense halisi, uliza mbegu imetoka wapi. Spishi hii ina namna kadhaa: kuna za misitu ya milimani na kuna za nyika na miombo. Mche wa mbegu ya mlimani hukua mrefu na kuvumilia kivuli utotoni, ukipandwa kwenye uwanda mkavu wa Dodoma unateseka. Mche wa mbegu ya nyika ukiupanda kwenye bonde lenye kivuli la Lushoto hautakuzalia kitu cha maana. Jina ni moja kwenye kibao, bidhaa ni mbili. Hatujakutana na jambo linaloonesha vizuri zaidi kwa nini asili ya mbegu ni sehemu ya bidhaa, na kwa nini ni bora kununua kwa anayechukua mbegu kwenye vyanzo vinavyoandikwa. Tanzania mbegu za miti zenye kumbukumbu hizo hupatikana kwa Wakala wa Huduma za Misitu, Kenya kwa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu.

Majani machanga ya mizambarau hutoka na wekundu. Hiyo si dalili ya ugonjwa wala ya upungufu wa mbolea. Rangi ile ni kinga ya jani changa dhidi ya mwanga mkali wakati umbijani wake bado haujatimia. Kwa kweli mche wa juani unaochipua kwa wekundu ni dalili nzuri kwamba umekwisha kulizoea jua.

Miti ya kivulini, na ile inayobadilika ikikua

Mkunguma, wengine huuita mkwingwina, Sorindeia madagascariensis kwa jina la kitaalamu, ndio mche wa kununua kama una bustani yenye miti mikubwa tayari au shamba kando ya mto. Kwao ni chini ya miti mirefu ya misitu ya pwani na kingo za mito. Matunda yake huning'inia kwa vichala virefu kutoka kwenye shina na matawi makubwa, ndani kabisa ya kivuli, na hapo ndipo unapotofautiana na miti ya nyika: hauhitaji jua lipige ncha za matawi ili uzae. Tunda ni tamu, harufu yake ni ya ukoo wa embe, ila nyama ni kidogo na kokwa ni kubwa. Wanaotarajia biashara wakae mbali, wanaotaka tunda la watoto na ndege wanunue. Ukiupanda uwanjani penye jua la kutwa majani yanababuka kila kiangazi na mti unabaki kichaka.

Mbungo unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu unauzwa kama mti na si mti. Ni mmea unaopanda, Saba comorensis, wenye utomvu mweupe, unaoweza kufika mita 20 hivi ukipata mti wa kuushikilia. Miguu yake hupenda kivuli na udongo wenye unyevu, kichwa chake kinataka jua, na mabungo huja kule juu penye mwanga. Mche ukiwa mdogo unavumilia kivuli kwa muda mrefu, ukirefuka polepole na kutafuta kitu cha kukwea. Mwenye shamba huona haukui, akauhamishia juani penye ardhi tupu. Huko unatanda chini na kujisokota.

Ufanye hivi. Panda mche mita 1 hadi 1.5 kutoka kwenye shina la mti imara wenye kilele kisichofunga sana, upande unaopata jua la asubuhi, kisha uuelekeze kwa kamba ya katani hadi kwenye tawi la kwanza. Usitumie mti unaoutegemea kwa matunda, maana mbungo uliokomaa ni mzito na hufunika kilele cha mwenyeji wake, ukamnyima mwanga ule ule unaoutafuta. Mwembe wako wa boribo usiuingize kwenye ubia huu. Kwa anayelenga kuuza juisi ya mabungo, chanja ya nguzo imara na waya yenye urefu wa mita 2 hadi 2.5 ni bora kuliko mti: mwanga unasambaa, kupogoa ni rahisi, na hakuna mtu wa kukwea. Udongo wa chini ufunikwe matandazo mwaka mzima ili mizizi iwe na baridi yake. Kati ya miche yote tuliyoitaja, huu ndio wenye soko la uhakika Zanzibar na mwambao, na ndio unaouzwa ukiwa na maelezo machache kuliko yote.

Msambu, ambao Waluguru huuita mkanyi, Allanblackia stuhlmannii, haupatikani porini popote duniani isipokuwa kwenye safu za milima ya mashariki mwa Tanzania kama Usambara, Uluguru, Nguru na Udzungwa. Tunda lake ni kubwa mno, la kahawia, lenye mbegu nyingi za mafuta. Kinachotafutwa ni hizo mbegu, si nyama. Huu ni mfano wa mti unaobadilika: mche ni wa kivuli, mti mzima husimama kwenye vilele vya msitu na pia huvumilia shambani ukiachwa peke yake baada ya wengine kukatwa. Watu huona misambu mikubwa juani kwenye mashamba ya Usambara Mashariki wakahitimisha kwamba hata mche utavumilia. Mche ukipandwa wazi unakuwa wa njano na kusimama. Mahali pake ni chini ya kivuli chepesi, kama kile cha mashamba ya iliki na karafuu, kisha kivuli hicho kipunguzwe kwa kupogoa kadiri mche unavyopanda. Kuota kwa mbegu kunaweza kuchukua zaidi ya mwaka, na mti una dume na jike, kwa hiyo mche wa kubebesha ndio wenye maana hata kama bei yake ni ya juu. Nje ya milima yenye mvua na ukungu usinunue kabisa.

Onyo kuhusu miche ya kundi hili: mingine haikukuzwa kitaluni, imeng'olewa msituni na kutiwa kwenye kiriba wiki iliyopita. Utaitambua kwa udongo uliolegea unaomwagika ukiinamisha kiriba, shina lenye kuvu au ukoga upande mmoja, na kukosa chipukizi jipya. Mizizi yake imekatika na majani ni ya asilimia 2 ya mwanga. Kung'oa miche kwenye hifadhi bila kibali pia ni kosa.

Kupima jua la mahali pako

Hesabu saa ambazo jua lenyewe, bila kuchujwa na majani, linagusa pale utakapochimba shimo. Zaidi ya saa 6 ni mahali pa mkunazi, mkwaju, mbuyu, mng'ongo. Kati ya 3 na 6 panafaa mchongoma, mzambarau mwitu wa namna ya msituni na mbungo wenye mahali pa kukwea. Chini ya 3 ni pa mkunguma, na kwa walio milimani, msambu.

Usipime mara moja ukamaliza. Kwa Dar es Salaam na sehemu kubwa ya nchi, jua la adhuhuri huwa kaskazini mwa utosi kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini. Kipande kilicho kusini mwa ukuta mrefu kina kivuli mwezi Juni na kinachomwa mwezi Desemba. Aliyepanda mkunguma hapo Juni akiamini amepata kivuli atashangaa ifikapo Krismasi.

Kosa la jua huonekana ndani ya siku. Kosa la kivuli huchukua miezi, wakati mwingine miaka: mti upo, una majani, hauzai, na mwenye shamba anabadilisha mbolea. Kabla ya kununua mbolea, hesabu saa za jua.

Kutoka kitaluni hadi shimoni

Usafiri unaua miche mingi. Kwenye pikapu wazi upepo hukausha majani laini kwa saa moja tu. Mwagilia viriba kabla ya kupakia, visimamishwe vikibanana, funika kwa gunia lililoloweshwa au turubai lenye nafasi ya hewa, na safiri alfajiri au jioni. Bebeni kwa kushika kiriba, kamwe si shina.

Ukifika, iweke kwenye mwanga unaolingana na wa kitaluni kwa wiki moja. Kisha anza kukomaza ile ya juani. Wiki ya kwanza ipate jua kuanzia asubuhi hadi saa 4. Wiki ya pili hadi saa 6. Wiki ya tatu ikae juani kutwa, ikimwagiliwa siku moja baada ya nyingine. Wiki ya nne kutwa nzima, ikipewa maji pale tu ncha zinapoanza kulegea asubuhi. Majani ya zamani yatadondoka, na hilo lisikutishe. Mche uko tayari ukishatoa angalau jozi mbili za majani mapya yaliyofunguka juani. Ile ya kivulini haihitaji ratiba hii. Inatosha izoee kupungua kwa maji.

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60 kwa kina cha 60 kwenye udongo mgumu, dogo zaidi kwenye kichanga. Tenga udongo wa juu, uchanganye na nusu debe hadi debe moja la samadi iliyooza, urudishe huo kwanza. Samadi mbichi huchoma mizizi na kuvuta mchwa. Panda mvua ikishashika, masika au vuli, shingo ya mzizi ikiwa usawa wa ardhi. Chana kiriba ukitoe chote. Matandazo yaenee nusu mita kuzunguka mche lakini yasiguse shina.

Kwa miche ya juani iliyokomazwa nusu nusu, simika kuti upande wa magharibi, maana jua la alasiri hukuta hewa imekwisha kupata joto na udongo umekauka. Upande wa mashariki uache wazi. Kuti hilo likianza kuoza lenyewe baada ya miezi michache, usiweke jingine. Kwa mkunguma na msambu hali ni kinyume: kivuli kikiwa cha muda, panda mapema mgomba au mbaazi za kushika nafasi yake, kwa sababu kiangazi cha kwanza ndicho kinachoamua, na kuti moja halitoshi kuivusha.